Mama Hapana na Paa la Maktaba

Mjini kwao ni wachache waliomwita mhandisi. Walimwita Mama Hapana, na jina hilo alilipata kwa jasho lake. Alimkatalia mwenye hoteli kupandisha ghorofa ya nne juu ya nguzo zilizojengwa kubeba mbili. Aliikatalia kamati ya michezo jukwaa la watazamaji lililoshikiliwa na misumari na matumaini. Siku ya arusi ya mpwa wake mwenyewe, wageni wamekwisha kupendeza, alipanda kwenye roshani ya ukumbi, akaikanyaga kwa kisigino mara mbili, akashuka na kusema maharusi wapigiwe picha chini. Ukoo mzima ulimnunia. Mumewe, fundi cherehani mwenye mdomo wake, alikuwa akiwaambia wateja kwamba hata posa yake ilirudishwa mara mbili kabla ya kupokelewa, na kwamba mpaka leo anahisi yuko kwenye majaribio.

Lakini mwanamke huyu hakuwa na roho mbaya. Kazi yake ilikuwa kuuliza swali ambalo watu hawapendi kuulizwa: mzigo huu unakwenda wapi? Maana mzigo haupotei. Paa linaiachia boriti, boriti inaiachia nguzo, nguzo inauachia msingi, na msingi unaiachia ardhi. Mmoja akizembea, wote chini. Watu wanaona ukuta uliopakwa rangi nzuri wanaridhika. Yeye akiingia kwenye jengo lolote, hata la msiba, macho yake yalikwenda darini kwanza, kisha ndipo alipokumbuka kutoa pole.

Basi asubuhi moja, katika maktaba ya mji, kipande cha plasta kilianguka kutoka darini kwenye chumba cha kusomea cha juu. Hakikumpata mtu. Kiliangukia meza ya magazeti, mahali ambapo mstaafu mmoja alikuwa amekaa muda mfupi kabla, akaondoka kwenda kujisaidia. Yule mstaafu tangu siku hiyo haachi kukisifu kibofu chake.

Mama Hapana akaitwa. Pale plasta ilipobanduka, boriti kuu inayobeba paa ilikuwa imepasuka katikati, nyufa zimeanzia chini zikipanda juu, na boriti yenyewe imebonyea kiasi cha kuonekana kwa macho. Hakusubiri kikao. Aliwatoa watu wote, akaweka nguzo za chuma za dharura chini ya boriti, akafunga mlango wa nje, akabandika tangazo aliloliandika kwa mkono wake kwa herufi kubwa: HATARI. JENGO LIMEFUNGWA. USIINGIE. Chini yake akaandika: Mhandisi wa Mji.

Sasa, siku hiyo ilikuwa siku ya darasa la mama yake.

Mama yake mzazi alikuwa ameanza kujifunza kusoma uzeeni, baada ya kumzika mumewe aliyekuwa akimsomea kila kitu, kuanzia barua mpaka maelezo ya chupa ya dawa. Yeye na wanawake wenzake wa rika lake walikutana katika chumba kile cha juu, na walikuwa na kelele kuliko watoto wa shule. Mjini hapakuwa na mahali pengine ambapo wangepata meza, ubao na mwalimu bila kulipa. Maktaba ikifa, darasa linakufa nayo.

Walifika na mikoba yao, wakakuta mlango una kufuli na tangazo. Mama akasogea. Akaweka kidole kwenye herufi ya kwanza. "Ha-ta-ri," akasoma. "Je-ngo... li-me-fu-ngwa. U-si-i-ngi-e." Hakuwapo mwalimu wa kumdokeza. Ilikuwa mara ya kwanza kusoma tangazo zima peke yake, na wenzake walimpigia makofi kabla maana haijawaingia. Kisha ikawaingia. Mama akamalizia mstari wa chini, na mmoja wao akauliza, "Mhandisi wa mji? Si binti yako huyo?"

"Simjui," mama akajibu, akageuka na mkoba wake akaenda zake.

Habari hizo zilimfikia Mama Hapana kupitia kwa msimamizi wa jengo, mzee aliyefahamika kwa jina la Mzee Funguo kwa sababu ya furushi la funguo lililomning'inia kiunoni na kumtangaza kabla hajafika. Alizisimulia kwa masikitiko na kwa raha, yote mawili kwa pamoja. Mama Hapana alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Neno lile lilimchoma.

Nyumbani hali ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu mama aliishi nao. "Mkwe wangu," mama alimwambia fundi cherehani mezani, "mwambie huyo mhandisi anipitishie sukari."

"Mhandisi," mume akasema kwa heshima zote, "unaombwa sukari."

"Mama, jamani," Mama Hapana akasema. "Lile paa lingewaangukia."

Ndipo mama alipomtazama. "Miaka yangu yote nimepita mbele ya maandishi kama kipofu. Maneno ya kwanza kuyasoma mwenyewe yananiambia nisiingie. Na aliyeyaandika ni wewe. Huko kuanguka kwa paa nimekuelewa, mwanangu. Hilo lingine ndilo linaloniuma."

Mama Hapana akanyoosha mkono. Aliipitisha sukari.

Bosi wake, Mkurugenzi wa Mji, yeye alikuwa na furaha tele. Ukutani mwa ofisi yake palikuwa na picha ya jengo jipya la vioo, lenye maduka chini na ofisi juu, na jengo hilo lilichorwa mahali penyewe pa maktaba. Maktaba mpya ingekuja baadaye. Baadaye lini, picha haikusema.

"Mama," alimwambia, "miaka yote tumeililia hapana yako. Leo tunaihitaji. Niandikie kwamba jengo limechoka, libomolewe. Unajua wahenga walivyosema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huo hauzibiki tena."

"Nitaandika nitakachokikuta," akajibu.

"Utakuta nini kingine? Boriti si imepasuka?"

"Imepasuka. Sijui kwa nini."

Hapo ndipo palipokuwa na mtego, na aliujua vizuri. Akisema libomolewe bila sababu, mji unapoteza jengo ambalo hautalipata tena, na mama yake anapoteza kile alichokisubiri maisha yake yote. Akisema lisimame kwa sababu ya mama yake, na siku moja likashuka, watakaokuwa chini yake ndio hao hao wanawake na mikoba yao. Kwa hiyo aliamua kumtoa mama yake kichwani kila alipoingia mle ndani, na alishindwa kila siku, na aliendelea na kazi hivyo hivyo.

Alianzia chini. Msingi haukuwa umezama: milango yote ilifunga bila kukwaruza, na timazi aliyoining'iniza kando ya nguzo ilisema nguzo zimenyooka. Akapanda juu. Aliligonga zege la boriti kwa nyundo maalumu ya kupimia, likajibu vizuri, gumu kama la jana. Alipitisha kifaa cha kutafuta nondo, akazikuta zote zimelala mahali pake, nene, hazijaliwa na kutu. Waliolijenga walikuwa watu wa kazi. Kisha akakaa na hesabu: uzito wa paa kwa unene wa kawaida, uzito wa boriti yenyewe, upepo, na mafundi wawili watatu wanaoweza kupanda juu kurekebisha kitu. Jibu likatoka kwamba boriti ile ilipaswa kuwa inacheka.

Akarudia. Jibu likawa lile lile.

"Hesabu inasema boriti haina sababu ya kupasuka," alimwambia mumewe, aliyekuwa akitia uzi kwenye sindano. "Na boriti imepasuka. Mmoja wao ni mwongo, na boriti haijui kusema uongo."

"Basi mwongo ni wewe," mume akasema bila kuinua macho. "Kuna kitu umekipima kwa kukisia. Mimi suruali ikimbana mteja, huwa sigombani na kitambaa. Namuuliza amekula nini."

Alimtupia mto wa kiti, lakini usingizi wake ulikuwa umekwisha kuharibika. Ni kweli. Nguvu ya boriti aliipima. Mzigo aliuamini tu. Juu ya paa hakuwa amefika, kwa sababu kufuli la mlango wa paani lilishika kutu na Mzee Funguo, pamoja na utajiri wake wote wa funguo, hakuwa na ule mmoja uliotakiwa.

Kulipokucha kufuli likakatwa. Mzee Funguo akatangulia ngazini, akafika mlangoni, akainama, akapita. Mama Hapana akafuata, akiwa na haraka, kofia ngumu ameishika mkononi badala ya kuivaa, yeye anayewafokea wengine kwa kosa hilo hilo kila siku. Zege la juu ya mlango likamkuta katikati ya paji la uso. Aliona nyota mchana kweupe.

"Pole, mama, pole!" Mzee Funguo akarudi mbio, funguo zikilia. "Hapa sote tunainama. Tumeshazoea."

Alikaa kwenye ngazi, ameshika uvimbe unaokua, na maumivu yalipopungua akaanza kuutazama ule mlango. Yeye hakuwa mrefu. Hata viatu vya kisigino alivivaa kwenye arusi tu. Mlango gani wa jengo la umma unajengwa mfupi kiasi cha kumgonga yeye? Akautazama chini. Ubao wa mlango ulikuwa umekatwa kwa msumeno, na si mara moja wala siku moja.

"Mzee," akasema polepole, "nani alikata mlango huu?"

"Mimi," Mzee Funguo akasema kwa fahari. "Kila mara. La sivyo ungekataa kufunguka."

"Kila mara ya nini?"

"Ya kumwaga zege, mama. Paa likivuja, tunamwaga zege jipya juu yake. Kila mkubwa aliyekuja ofisini, mvua yake ya kwanza ikivuja, anaagiza limwagwe. Wengine waliweka lami kwanza, wengine vigae. Tumeliimarisha sana hili paa. Hakuna paa imara kama hili mji mzima!"

Na ukuta mfupi wa ukingoni? Nao uliinuliwa, kila paa lilipoinuka, ili jengo lisionekane baya kutoka barabarani. Ndiyo maana hakuna aliyeona kitu. Na mabomba ya kutoa maji ya mvua? Hayo yalikuwa chini kule, kwenye paa la kwanza, yamezikwa. Kwa hiyo maji hayakuwa na pa kwenda, yakatuama kama bwawa, yakatafuta njia, yakavuja, na dawa ya kuvuja ikawa zege jingine. Walikuwa wakimtibu mgonjwa kwa kumpandia kifuani.

Mama Hapana alileta mashine ya kutoboa. Ilichomoa kipande cha mviringo, kirefu kama mkono wake kuanzia kiwiko hadi ncha za vidole, na ndani yake mapaa yote yalionekana moja juu ya jingine, kama nguo zilizokunjwa kabatini: zege, lami, zege, vigae, zege, lami, zege. La chini kabisa, lile la wajenzi, lilikuwa jembamba na safi. Akaurudisha unene wote kwenye hesabu pamoja na maji yanayotuama juu yake. Safari hii hesabu na boriti wakasema neno moja. Boriti ilikuwa ikibeba mapaa manne, na ilijengwa kubeba moja.

Jamani, alifurahi. Alicheka peke yake pale juu mpaka Mzee Funguo akadhani ni lile pigo la kichwa. Boriti iliyobeba mzigo wa aina ile miaka yote, ikapasuka bila kuanguka, haikuwa boriti iliyochoka. Ilikuwa shujaa.

"Ina maana tulikuwa tunaliua?" Mzee Funguo akauliza, na fahari yake yote ikawa imemshuka.

"Mlikuwa mnalipenda," akamjibu. "Ila mmelipenda kwa uzito. Tafuta nyundo, mzee. Tunakwenda kulipunguzia."

Kwenye kikao, Mkurugenzi aliposoma neno la mwisho la taarifa, alivua miwani akaifuta, akaisoma tena. "Umeandika ndiyo," akasema.

"Ndiyo, kwa masharti. Mapaa ya juu yatolewe, mabomba yafunguliwe, nyufa zijazwe. Halafu nitalijaribu mbele ya watu."

"Lakini wewe ndiye Mama... Wewe huwa unakataa! Na wahenga walisema—"

"Wahenga walisema tuzibe ufa," akamkatiza kwa upole. "Sisi tuliziba na bado tukajenga ukuta, tena tukaujenga juu ya paa. Ukitaka, bosi, libomoe. Lakini itabidi uandike wewe kwamba ulibomoa jengo lililo zima, mimi sitaandika." Uvimbe wa paji la uso ulikuwa bado unang'aa, na sijui kama ni hoja au ni ule uvimbe, lakini Mkurugenzi alikuwa wa kwanza kuinamisha macho.

Kazi ikaanza. Mafundi walibandua paa kwa paa, vifusi vikashuka kwa ndoo na kwa malori, na kila tabaka lilipoondoka, mtambo mdogo wa kupimia, wenye sindano kama ya saa, ambao Mama Hapana aliuweka chini ya boriti, ulionyesha boriti ikipanda, kidogo sana, kwa unene wa ukucha, lakini ikipanda. Mzee Funguo aliomba apige nyundo ya kwanza kwenye kila tabaka. Alisema ni haki yake kwa kuwa ndiye aliyeshangilia yote yalipomwagwa. Mabomba ya maji yalipofukuliwa walikuta ndani yake miwani, mpira wa watoto na kijiko. Nyufa zikasafishwa, zikajazwa gundi maalumu ya zege kwa sindano, zikafungwa.

Ikabaki siku ya jaribio. Mama Hapana aliamua mzigo wa kujaribia uwe maji. Yalikuwa yamelitesa jengo lile muda mrefu, acha sasa yaje kutoa ushahidi. Walitandika turubai la plastiki kwenye paa, wakaziba mabomba kwa muda, na gari la zimamoto likaja kumwaga maji mpaka bwawa likafika alama aliyoipiga yeye mwenyewe, mzigo mzito kuliko wowote ambao paa lile litawahi kuubeba tena. Chini ya boriti aliziacha nguzo za dharura, zimeshushwa kidogo zisiiguse, zisubiri tu. Ndani hakuruhusu mtu. Mji mzima ulisimama barabarani ukinyoosha shingo, na wanawake wa darasa walikuwa mbele kabisa na mikoba yao. Mama yake alikuwa katikati yao, mikono kifuani, hasemi na mtu.

Mama Hapana alisimama kwenye dirisha la juu la jengo la jirani na darubini yake ya kupimia, ameilenga kupitia dirisha la maktaba kwenye sindano ya mtambo. Maji yakapanda. Sindano ikashuka. Boriti ikabonyea, kama hesabu ilivyosema ingebonyea, hata kidogo pungufu. Maji yakafika alama. Sindano ikatulia. Hakuna ufa uliofunguka.

"Imeshinda?" Mkurugenzi, aliyesimama pembeni yake, akauliza.

"Bado. Kila kitu hubonyea kikibebeshwa. Nataka kuona kama itarudi."

Maji yakaachwa mpaka kesho yake. Watu wakarudi, wengi kuliko jana. Akaamuru mabomba yazibuliwe, na maji yakatoka kwa kishindo kupitia njia zilizokuwa zimezikwa, yakamwagika barabarani, watu wakaruka huku na huku wakicheka, viatu vimelowa. Yeye hakucheka. Jicho lilikuwa kwenye darubini, na mikono imeishika miguu ya kifaa. Sindano ikapanda. Ikapanda. Ikasita. Kisha ikamalizia safari yake na kusimama karibu kabisa na pale ilipoanzia.

Akanyoosha mgongo. Mji mzima ulikuwa ukimtazama juu kule dirishani, na hakuna aliyepumua, maana walimjua.

"Ndiyo!" akapiga kelele. "Ndiyo! Ndiyo!"

Vigelegele vilivyopigwa hapo sijui kama mtaa ule umepata kuvisikia tena. Zimamoto walipiga king'ora bila ruhusa. Mzee Funguo alitikisa funguo zake juu ya kichwa kama kayamba. Fundi cherehani alimshika mgeni asiyemjua akamwambia, "Unaona? Mimi pia ndivyo alivyonijibu, ila ilichukua muda mrefu zaidi."

Mama Hapana alishuka mbio, akaingia ofisini mwa maktaba, akatoka na karatasi na kalamu ya wino mnene. Akalichana tangazo la zamani. Akaandika jingine akiwa amesimama, akalibandika mahali pale pale, kisha akasogea kando.

Umati ukampisha mama yake. Bibi huyo akaja taratibu, akaweka kidole kwenye herufi ya kwanza, na barabara nzima ikatulia kumsikiliza.

"Je-ngo," akasoma. "Li-ko. Sa-la-ma." Akavuta pumzi. "Ka-ri-bu-ni." Hakutaka kusaidiwa, akakishusha kidole mpaka mstari wa chini. "Mha-ndi-si. Wa. Mji."

Akageuka kwa wenzake, akamshika binti yake mkono mbele ya mji mzima.

"Huyu namjua," akasema. "Nimemzaa mimi."

Kisha akauvuta mkoba wake begani, akasukuma mlango, akawa wa kwanza kupanda ngazi.